Kanisa, maua ya mvua za kwanza na kamera: kutoka Buhonga hadi Gihosha

Gihosha iko kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, pale mji unapoanza kupanda kuelekea milima ya Mirwa. Chini yake kuna tambarare ya Imbo na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo. Majira ya kuchipua ya Ulaya hayapo huku. Yanayokaribiana nayo ni majuma machache ya Septemba na Oktoba, kiangazi ambacho Warundi hukiita ici kinapokwisha na mvua za agatasi zikaanza. Mijakaranda huchanua mitaani. Kwenye nyasi huchomoza Scadoxus, ua jekundu lenye umbo la tufe, linalotoka ardhini mara tu udongo ulowapo. Mvua za kwanza huosha vumbi la miezi mitatu, na milima ya Kongo iliyokuwa imefunikwa na ukungu mkavu huonekana tena mikunjo yake yote. Hakuna wakati mwingine wa mwaka unaomfaa zaidi mpiga picha.

Desturi ya kupiga picha makanisa ya vijijini Burundi ilikuja na wamisionari. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868, walifika Rumonge, kusini mwa Bujumbura ya leo, mwaka 1879. Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa na misheni ikafungwa. Walipopata makazi ya kudumu walianzia mbali na ziwa: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, kisha Buhonga mwaka 1902. Buhonga ndiyo misheni ya kale iliyo karibu zaidi na Bujumbura, ambayo enzi hizo ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani kikiitwa Usumbura. Ilijengwa mlimani kwa sababu inayoeleweka: tambarare ya Imbo ilikuwa na malaria nyingi.

Picha ya kanisa ilikuwa na kazi yake. Misheni iliendeshwa kwa michango ya waumini wa Ulaya, na majarida kama Les Missions catholiques la Lyon yaliwaonyesha wasomaji sadaka yao imefanya nini. Ndiyo maana picha nyingi za wakati ule zina mpangilio mmoja: uso wa kanisa katikati, padri kwenye ngazi, waumini wamepangwa mbele kwa safu. Jengo lenyewe lilibadilika kutoka miti na nyasi hadi matofali ya kuchoma na vigae, na kila hatua ilipigwa picha. Padri hutajwa jina. Waumini, mara nyingi, hawatajwi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Kamera ilisimama juu ya miguu mitatu na kutumia mabamba ya kioo. Kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, mzigo wowote uliotoka pwani ya Bahari ya Hindi ulisafiri, angalau sehemu ya njia, juu ya vichwa vya wapagazi, na bamba lililopasuka njiani halikuwa na mbadala. Picha zilisafishwa usiku, kwa kuwa maji yaliyopata joto la mchana hulainisha jelatini iliyobeba picha hadi ikajikunja na kubanduka kwenye kioo.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo mtazamaji wa leo haigundui kwa urahisi. Mabamba ya mwanzo yalihisi mwanga wa buluu peke yake. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia wa Ujerumani, aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa kwenye bamba huliwezesha kuhisi na kijani, lakini wekundu ulibaki nje. Mabamba yanayohisi rangi zote yaliingia sokoni mwaka 1906, na yalichukua miaka mingi kuenea. Matokeo yake yanaonekana katika picha za misheni. Anga ya buluu imetoka nyeupe tupu. Ukuta wa matofali mekundu umekuwa mweusi. Ua la mjakaranda, ambalo ni la zambarau, lingepauka hadi likaribie kupotea angani, na ua jekundu lingetoka jeusi, lisitofautike na jani.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mti mmoja. Mrinzi, ambao Warundi huuita umurinzi na wanabotania Erythrina abyssinica, huchanua kiangazi ukiwa hauna majani, matawi makavu yakibeba vishada vyekundu sana. Huo ndio mti mtakatifu wa Kiranga, ambaye ibada yake, kubandwa, ilikuwa nguzo ya dini ya Warundi kabla ya Ukristo. Wamisionari waliipiga vita ibada hiyo, na mti ukabaki vilimani ukichanua kila mwaka. Kwa bamba lisilohisi wekundu, mrinzi uliochanua nyuma ya kanisa ulikuwa kivuli tu. Aliyetazama picha hiyo Lyon au Brussels hakuwa na namna ya kujua kwamba dini mbili zimesimama ndani ya fremu moja.

Baada ya Ubelgiji kuchukua nchi mwaka 1916 wapiga picha waliongezeka. Casimir Zagourski, aliyefungua studio Léopoldville miaka ya 1920, alisafiri hadi Ruanda-Urundi na kutoa postikadi zilizoitwa L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Yeye alitafuta watu na mapambo ya zamani. Misheni ilitafuta kanisa jipya. Maisha ya kawaida ya mlimani, ambamo mtu alikwenda misa na bado akaujua mti wa babu yake, hayakupata mpiga picha wake kutoka upande wowote kati ya hizo mbili. Rangi ilipatikana kwa wengi baada ya Kodachrome kutoka katikati ya miaka ya 1930, hasa kama slaidi.

Leo jengo la ibada linalojulikana zaidi Gihosha ni kanisa dogo la Mont Sion, Gikungu. Ni la harakati ya Schoenstatt, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1914 na padri Joseph Kentenich, na kama makanisa mengine ya harakati hiyo duniani ni nakala ya kanisa dogo la Vallendar, Ujerumani. Kuta zake nyeupe ni mtihani kwa mpiga picha. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini, kwa kuwa Bujumbura iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, na ukuta mweupe huungua hadi usionyeshe kitu huku nyuso za watu zikizama gizani. Wakati unaofaa ni jioni, jua linaposhukia upande wa ziwa.

Nakala nyingi za picha za zamani ziko Rome, kwenye hifadhi ya Mapadri Weupe, na katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Parokia za Bujumbura zenye albamu zao ziandike nyuma ya kila picha tarehe, majina ya waliosimama mbele ya kanisa na jina la mti ulio nyuma, maadamu wazee wanaowatambua watu wa miaka ya 1950 bado wapo.