Padri wa Musonoi Aliyejifunza Kunyamaza

Mwaka 1953, Padri Placide Tempels alipoanza kazi Kolwezi, katika jimbo la Katanga nchini Kongo, mji ulikuwa bado mchanga, umejengwa kwa ajili ya shaba tangu 1937. Katika kambi ya Musonoi wachimbaji wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliishi na wake zao na watoto. Kampuni ilitoa nyumba, posho na matibabu, na kampuni ndiyo iliyosema. Mtu alipokea amri mgodini, akarudi kambini akapokea nyingine, na Jumapili akakaa kanisani kusikiliza mahubiri. Siku nzima mdomo wake haukuwa na kazi mbele ya wakubwa.

Tempels naye alikuwa mmoja wa wasemaji hao. Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akawa Mfransisko, akafika Kongo 1933. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba miaka yake kumi ya kwanza aliishi kama padri na bwana: yeye ndiye aliyejua, na kazi ya wengine ilikuwa kupokea. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Katika hali hiyo wamisionari wengi waliwalaumu wasikilizaji. Tempels akamgeukia msemaji. Akaweka kando mafundisho, akaanza kuuliza: ninyi ni watu gani, na mnatamani nini? Kisha akanyamaza asubiri jibu, na kwa mhubiri hiyo ni kazi ngumu kuliko kupanda mimbari.

Tunda la kwanza lilikuwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichotoka Élisabethville mwaka 1945. Askofu wa Katanga, Jean-Félix de Hemptinne, hakukipenda hata kidogo. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949.

Vyuo vikuu vinamkumbuka kwa kitabu hicho. Kwa maoni yangu, kilichotokea Musonoi kilikuwa kikubwa zaidi. Majibu aliyoyasikia yalijikusanya katika mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Juu ya hayo likajengwa kundi lililoitwa Jamaa. Mume alikuja pamoja na mkewe. Waliitana Baba na Mama, na padri naye akawa Baba Placide. Tufikirie uzito wake: katika kambi ya kikoloni, mke wa mchimbaji anaulizwa mawazo yake na padri Mzungu, na padri anatulia mpaka amalize kusema.

Kutoka Kolwezi Jamaa ilisambaa katika kambi nyingine za Katanga. Ilikuwa dini ya mazungumzo, hata hivyo ilikuwa na mlango wake uliofungwa. Wanachama waliingia kwa hatua, na kilichofundishwa katika hatua ya juu hakikusimuliwa kwa aliye chini. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti kati yao mwaka 1966 na 1967, alikuta kwamba hata ndoto zilikuwa na nafasi yao katika safari hiyo. Usiri huo uliwaunganisha wenyewe, lakini uliwatia maaskofu wasiwasi: kisichosemwa mbele ya wote hakiwezi kukaguliwa. Baadhi ya makundi yalikengeuka kweli, na katika miaka ya 1970 maaskofu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliyabana.

Mwanzilishi hakuwepo kujibu. Alikuwa ameondoka mwaka 1962, Katanga ikiwa bado katika vurugu za kujitenga, na hakupata kurudi. Aliishi katika nyumba ya Wafransisko huko Hasselt, mbali na watu aliowaita jamaa yake, akawatii wakubwa wake wa Kanisa. Wapo wanaousifu utii huo kama unyenyekevu mkubwa. Mimi naona hasara: mtu aliyewafundisha wakubwa kusikiliza, wakubwa wake hawakumsikiliza vya kutosha. Kunyamaza kwake Musonoi alikuchagua mwenyewe, na kulimpa mwingine nafasi ya kusema. Ukimya wa Hasselt haukumpa mtu yeyote nafasi hiyo.

Placide Tempels alifariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977, akiwa na umri wa miaka 71.