Furaha Isomwayo Pamoja: Maandiko, Ushirika na Kasoro ya Swali la Watafiti

Mwaka 2010 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Chaeyoon Lim na Robert Putnam, walichapisha katika jarida la American Sociological Review makala ambayo hadi leo huibuka kila panapojadiliwa uhusiano wa dini na furaha. Waliwahoji watu zaidi ya 3,000 mwaka 2006, kisha wakawarudia wengi wao mwaka 2007, wakitaka kujua ni kipi hasa ndani ya dini kinachomfanya mtu aridhike na maisha yake. Mazoea ya faragha, sala ikiwa mojawapo, hayakuonekana kuwa na nguvu ya peke yake. Kujisikia uko karibu na Mungu nako hakukuonyesha mengi. Kilicholeta tofauti ni kuhudhuria ibada mara kwa mara, na kilichofanya kazi ndani ya mahudhurio hayo ni marafiki ambao mtu anao katika usharika wake.

Kutoka hapo wasomaji wengi wameruka hadi hitimisho ambalo waandishi wenyewe hawakulitoa: kwamba Biblia ni kisingizio tu cha watu kukutana, na kwamba chama cha kuweka na kukopa au timu ya mpira ingefanya kazi ileile. Makala haya yanalipinga hitimisho hilo. Nadai kwamba kusoma Maandiko ndiko kunakozaa urafiki wa aina inayodumisha furaha, na kwamba jambo hilo halionekani kwa mtafiti anayetenganisha tangu mwanzo mambo ya faragha na mambo ya kijamii, kana kwamba Neno liko upande mmoja na ndugu wako upande wa pili.

Kwamba dini na kuridhika na maisha huandamana, hilo halibishaniwi sana. Ed Diener, Louis Tay na David Myers, wakitumia takwimu za Gallup kutoka nchi zaidi ya 150, walionyesha mwaka 2011 kuwa uhusiano huo una nguvu zaidi katika nchi zenye maisha magumu. Ubishi uko kwenye sababu. Na katika ubishi huo wale wanaoyapuuza Maandiko wana mshirika wasiyemtarajia: mhubiri wa mafanikio. Yeye humwambia muumini aushike mstari mmoja, aukiri kwa kinywa chake, audai kwa Mungu kama haki yake, na furaha itafuata pamoja na gari na visa. Wapinzani hawa wawili hawapatani kwa lolote isipokuwa jambo moja, nalo ndilo lililowapotosha wote: wanachukulia kwamba kusoma Biblia ni shughuli ya mtu mmoja na kitabu chake.

Lakini hata matokeo ya Lim na Putnam hayawaungi mkono. Waligundua kwamba marafiki wa usharikani humfaidi mtu pale tu ambapo imani ni sehemu ya utambulisho wake. Mwenye marafiki wengi kanisani, lakini ambaye imani kwake ni jambo la pembeni, hakuonekana kuridhika kuliko wengine. Kama urafiki mtupu ungetosha, huyu naye angeridhika. Kuna kitu kinachowafanya marafiki hawa wawe marafiki wa namna nyingine, na dodoso halikuwa na njia ya kukitaja.

Tuanze na waraka ambao Wakristo huukimbilia kila wanapozungumzia furaha, yaani barua ya Paulo kwa Wafilipi. Ni sura 4 tu, imeandikwa na mtu aliye kifungoni asiyejua kama ataishi au atauawa, na furaha imetajwa humo mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa mfungwa. Wahubiri wetu huuchukua wito wa kufurahi siku zote ulio katika sura ya 4 wakauchomoa, wakampa msikilizaji mmoja mmoja aende nao nyumbani kama dawa. Mara chache huanzia mistari miwili nyuma yake. Huko Paulo anawataja kwa majina wanawake wawili waliokosana, Euodia na Sintike, watenda kazi wenzake katika Injili, akiwasihi wapatane, na akimwomba mtu mwingine awasaidie. Barua hiyo ilipelekwa isomwe kwa sauti mbele ya kusanyiko. Hebu tufikirie chumba hicho: majina ya wanawake wawili yanasomwa mbele ya majirani wote, na mara tu baada yake unakuja wito wa kufurahi. Sioni namna ya kuutenga wito huo na ugomvi uliotangulia. Wafilipi wanaamriwa kufurahi wakiwa na jambo la kutengeneza kati yao, na Andiko lenyewe ndilo lililolifichua. Kadhalika utulivu ambao Paulo anajisifia baadaye, wa kuishi katika shibe na katika njaa, anasema amejifunza. Na anauzungumzia katika aya zilezile anazowashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Mfungwa huyu hakuwa na furaha ya upweke.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko karibu na kwetu, na nashangaa jinsi fasihi ya furaha inavyoupita: Uamsho wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Eneo lake lilikuwa limepigwa na njaa kali. Pale Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda wa familia yenye hadhi, naye akiwa na kiu ileile. Walichofanya wawili hao ni kuketi na kusoma Biblia pamoja, wakifuata marejeo ya Biblia ya Scofield kuhusu Roho Mtakatifu, andiko hadi andiko. Hapakuwa na mkutano wa hadhara, wala mhubiri. Katika mfumo wa kikoloni ambamo mzungu alifundisha na Mwafrika alifundishwa, hawa walikuwa wanafunzi wawili mbele ya kitabu kimoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda kufundisha Gahini; Yosiya Kinuka, mhudumu mkuu katika hospitali ya hapo, akawa nguzo nyingine. Kufikia mwisho wa 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walianza kutubu waziwazi, na kutoka hapo moto ukaenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini kazi haikusimama.

Historia hii inajulikana. Ambalo halijapewa uzito unaostahili ni utaratibu wa kikao cha ushirika, ambao ndio uliobeba Uamsho kwa miongo kadhaa baada ya mikutano mikubwa kupoa. Ndugu wa Uamsho hukutana kwa kawaida kila wiki. Wanaimba, wanaomba, Andiko linasomwa. Kisha anayeguswa anasimama: fundi, mama wa nyumbani, mchungaji, yeyote. Hatoi mafafanuzi ya aya. Anaeleza aya ilivyomkuta. Kama ameiba, anataja alichoiba na namna atakavyokirudisha. Kama ana chuki na aliyeketi mbele yake, anaitaja akiwa anamtazama. Hicho ndicho ndugu walichokiita kutembea nuruni, kutokana na sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, na ndicho kilichowafanya wamisionari wazungu waombe msamaha kwa Waafrika kwa kiburi chao, jambo lisilo la kawaida katika makoloni ya miaka ya 1930. Baada ya ushuhuda huja wimbo, Tukutendereza Yesu, ulioimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo.

Furaha katika kikao hicho hutokea baada ya tendo mahususi: mtu amesomewa, amejitambua katika alichosomewa, amelisema mbele ya wenzake, na hawakumtupa. Urafiki unaozaliwa hapo hauwezi kulinganishwa na ule wa chama cha kukopeshana, kwa sababu ni urafiki wa watu wanaojuana ubaya wao. Ukiondoa Andiko, wenzangu hawana kipimo cha kunipimia isipokuwa maoni yao, na mimi nitakuwa na kila sababu ya kujificha. Ukiondoa ndugu, nitasoma nikichagua mistari inayonipendeza. Hapa naona ndipo yalipo majibu ya fumbo la Lim na Putnam: marafiki pamoja na utambulisho wa imani ni mambo mawili katika jedwali lao, lakini katika ushirika ni tendo moja.

Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu Uamsho na uzalendo wa kikabila, ameonyesha jinsi viongozi wa jamii walivyokerwa na waliookoka kwa kuanika hadharani mambo ambayo heshima ilitaka yasitiriwe. Namkubali. Ila kwa kuwaona zaidi kama wapinzani wa uzalendo wa makabila yao, anatuachia kazi ya kueleza kwa nini watu wangelipa gharama hiyo na bado wakaimba. Gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Ninaposema furaha ya kudumu sina maana ya uchangamfu usiokatika. Nina maana ya hali inayobaki pale sababu za kawaida za kufurahi zinapoondoka: kazi, jina jema, usalama. Kwa kipimo hicho sijui kundi lingine katika historia ya karibuni ya eneo letu lililopimwa kwa ukali hivyo.

Yupo atakayeuliza: je, msomaji aliye peke yake? Mfano unaotajwa daima ni Agostino, Mwafrika wa Thagaste, aliyegeuka mwaka 386 katika bustani ya Milano baada ya kufungua Waraka kwa Warumi na kusoma kimyakimya. Lakini simulizi yake mwenyewe katika Maungamo haiishii hapo. Alimwonyesha rafiki yake Alipio mahali aliposoma. Alipio akaendelea na maneno yanayofuata, akayachukua kuwa yake. Kisha wote wawili wakaingia ndani kumwambia Monika, naye akafurahi. Miezi michache baadaye Agostino aliandika kitabu juu ya maisha ya heri, na kitabu hicho ni mazungumzo ya siku tatu kati yake na mama yake, mwanawe, kaka yake, ndugu wengine na wanafunzi wake. Msomaji wa peke yake anayetajwa sana katika historia ya Kanisa la Magharibi alikuwa, tukimsoma hadi mwisho, mtu wa kusoma na wenzake.

Pingamizi zito zaidi ni Rwanda. Nchi ambamo Uamsho ulianzia ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Hoja yoyote ya kusifu usomaji wa pamoja wa Biblia inapaswa kusimama mbele ya jambo hili. Sidai kwamba ushirika ulishindwa kabisa, kwa maana wapo Wakristo waliowaficha majirani wakihatarisha maisha yao. Lakini ni kweli kwamba kwa miongo mingi ndugu waliweka nuruni wizi, uzinzi, ulevi na chuki ya mtu na mtu, huku suala la ukabila uliojengwa katika serikali na katika makanisa yenyewe likiachwa kama jambo la siasa lisilofaa kikaoni. Hilo linaniwekea mpaka: ninalolitetea ni furaha ya ushirika unaoruhusu Andiko liguse kila kitu, na ushirika wa namna hiyo ni adimu. Wanaolalamika kwamba maungamo ya hadharani yaliwahi kutumiwa kuwatawala watu, hasa wanawake na vijana, nao wana haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba Andiko liwaguse viongozi kwanza.

Jambo hili lina uzito kwa makanisa yetu sasa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele tangu mikutano yao ya 1973 na 1976, na mbinu ya hatua saba ya taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini imefundishwa kotekote ili Injili isomwe na kushirikishwa nyumbani kwa watu. Kimuundo tunacho kile ambacho Nsibambi na Church walianza nacho. Lakini anayehudhuria jumuiya hizo anajua jinsi muda unavyoliwa na michango, matangazo na ratiba ya misiba, na Injili ikasomwa haraka mwishoni bila mtu kusema imemkuta wapi. Sharika za Kilutheri na za Kianglikana zina tatizo hilohilo katika ibada zao za nyumba kwa nyumba. Hapo urafiki upo, na nijuavyo mimi ni wa thamani. Ila ni ule urafiki ambao Lim na Putnam waliona hautoshi peke yake.

Napendekeza basi dodoso lijalo, lifanywe na watu wa vyuo vyetu, liache kuuliza ni mara ngapi mtu husoma Biblia kwa wiki. Liulize anasoma na nani, na ni lini mara ya mwisho aliposahihishwa na mwenzake kutokana na walichosoma. Liulizwe Bukoba, Kabale, Murang'a na Gahini yenyewe, kwa jumuiya zinazosoma na kuungama na kwa zile zinazochanga tu, na wahojiwa warudiwe baada ya kufiwa, kupoteza kazi au kuugua. Natarajia tofauti kati ya makundi hayo ionekane zaidi katika mahojiano ya pili kuliko katika ya kwanza. Isipoonekana, basi Maandiko yatakuwa yamefanya kazi ndogo kuliko ninavyodai, na wanaosema marafiki wanatosha watakuwa wameshinda.