Altare na Vichochoro: Askofu Weston wa Unguja

Miongoni mwa maswali ambayo Wakristo wameulizana tangu zama za mitume, ni machache yaliyodumu kama hili la kujua kama Mwenyezi Mungu huridhishwa zaidi na sala, mishumaa na ubani, au na mkono unaomlisha mwenye njaa. Na aghalabu waulizaji huliweka kana kwamba mtu hana budi kushika upande mmoja na kuutupa wa pili. Yohane Krisostomo, aliyehubiri mjini Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, hakuliona hivyo: aliwakemea waumini waliompamba Kristo kwa hariri ndani ya kanisa wakampita nje, katika sura ya maskini, akifa kwa baridi, wala hakuwaamuru waache kulipamba kanisa. Fikira hiyo kongwe, kwa maoni yangu, haikupata katika pwani yetu shahidi aliye dhahiri kuliko Frank Weston, Askofu wa Unguja tangu 1908 hata 1924, ambaye alishika taratibu za ibada kwa ukali uliowachosha wenziwe, na ukali huo huo akautia katika kuwatetea watu wasio na msemaji.

Usuli wake ni Uingereza, katika mwamko ulioanza Oxford mwaka 1833 na kulirudishia Kanisa la Kianglikana mavazi, mishumaa na heshima ya altare, mambo ambayo wengi waliyachukia hata ikatungwa sheria ya mwaka 1874 ya kuyazuia, na Padri Arthur Tooth akatiwa gerezani mwaka 1877 kwa kuikaidi. Ajabu ni kwamba mapadri hao walioshutumiwa kuwa ni watu wa mapambo tu ndio waliohamia mitaa ya mafukara. Charles Lowder, mathalan, kipindupindu kilipoingia mashariki ya London mwaka 1866, alibaki na wagonjwa wake karibu na gati.

Misioni ya Vyuo Vikuu, iliyotoka katika tapo hilo hilo, ilifika Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer na Edward Steere, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa misioni na Sultani Majid. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Aingiaye leo ataona, mbele ya altare, duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, alama ya mahali ambapo, kwa mapokezi ya wenyeji, watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi. Yafaa kukumbuka kwamba watoto walilitangulia jiwe hilo la msingi kwa miaka 9.

Weston, aliyezaliwa 1871 na kuwahudumia maskini wa Stratford, London, kabla ya kuvuka bahari mwaka 1898, alirithi yote mawili. Mwaka 1913 misioni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu zikapanga kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakapokea Komunyo pamoja, Waanglikana na wasio Waanglikana, kwa ridhaa ya maaskofu Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda. Weston aliwashitaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa wameingia katika uzushi. Sioni haja ya kumtolea udhuru: kwa watu wa bara, waliotaka tu kuabudu na jirani zao, ugomvi huo ulikuwa wa wageni kwa wageni.

Lakini mwaka 1919 Gavana Northey wa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyoitwa Kenya mwaka uliofuata, alitoa waraka wa kuwaagiza maofisa wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu na kwao. Na yeyote ajuaye namna jumbe anavyohimiza akijua bwana shauri anamtazama, atafahamu maana ya kuhimiza huko. Willis, pamoja na Askofu Heywood wa Mombasa na Dakta Arthur wa Misioni ya Kiskoti, waliukosoa waraka, ila wakasema kwamba kazi ya lazima ikiwekewa sheria na mipaka itakuwa afadhali kuliko shinikizo la kichinichini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na shule na hospitali, na matendo yao mema yalionekana kwa macho. Weston, ambaye mwaka 1916 alikuwa ameongoza mapagazi wa vita kwa cheo cha meja na kuijua mizigo yao, alikataa suluhu hiyo, akachapisha mwaka 1920 kijitabu ambamo aliwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza, akidai kwamba kumlazimisha mtu kumfanyia tajiri kazi ni dhuluma hata ikitiwa muhuri. Sauti yake, pamoja na ya watu wa misioni kama J. H. Oldham, ilisikika: mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, aliwakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Mwezi wa Julai 1923, akiwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana-Wakatoliki mjini London, Weston aliwahutubia watu waliokuwa wamepigania miaka mingi haki ya kuihifadhi Ekaristi katika tabernakulo. Aliwasifu kwa vita hivyo, kisha akawaambia kwamba kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo bila kumhurumia vichochoroni ni wazimu, na kwamba watoke wakamtafute kwa walio uchi na wanaonyonywa jasho. Wapo waliopokea sehemu ya kwanza ya hotuba hiyo wakaiacha ya pili, na wapo wanaoinukuu ya pili peke yake kana kwamba ilisemwa na mtu asiyejali ibada. Msemaji mwenyewe alizifunga pamoja kwa kamba moja: aliamini kwamba yule aliye katika mkate wa altare ndiye huyo huyo aliye katika mwili wa kibarua, na ukiiondoa imani yake juu ya mkate, hoja yake juu ya kibarua, kama alivyoijenga, haina pa kusimama.