Maana ya ‘impaired’: Kudhoofika si kutoweka

Neno la Kiingereza ‘impaired’ ni kivumishi kinachoeleza kitu ambacho utendaji wake umepungua au kuharibika kwa kiasi fulani, bila kulazimika kuwa umekwisha kabisa. Asili yake ni Kilatini, kupitia Kifaransa cha kale, kwa maana ya kufanya kitu kiwe kibaya zaidi.

Mara nyingi kivumishi hicho hutanguliwa na neno linalotaja uwezo uliodhoofika. ‘Visually impaired’ ni mtu mwenye upungufu wa kuona, na ‘hearing impaired’ ni mwenye upungufu wa kusikia. Hapo ndipo mfasiri huweza kuteleza, akaandika ‘kipofu’ au ‘kiziwi’ kwa kila hali.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), asiyeona ni yule ambaye jicho lake lililo bora haliwezi kufikia kiwango cha 3/60, yaani kuona kwa mita 3 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Aliye kati ya 6/18 na 3/60 ana uoni hafifu. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtoto mwenye uoni hafifu huweza kusoma maandishi makubwa au kwa msaada wa lenzi. Akiandikwa kipofu, huenda asipewe nafasi hiyo.

Hata hivyo, si wote wanaolipenda neno hilo. Mwaka 1991, Shirikisho la Viziwi Duniani liliamua kutumia ‘deaf’ na ‘hard of hearing’ badala ya ‘hearing impaired’, kwa kuwa hili la mwisho humtaja mtu kwa kasoro yake. Nchini Tanzania, chama cha kundi hilo, CHAVITA, hujiita waziwazi Chama cha Viziwi.

Aidha, nchini Canada ‘impaired driving’ ni kosa la kuendesha gari huku uwezo wa dereva umepunguzwa na pombe au dawa za kulevya. Katika benki, ‘impaired loan’ hukaribiana na mkopo chechefu. Hospitalini, ‘impaired glucose tolerance’ ni hali ya sukari kupanda kupita kawaida bila kufikia kiwango cha kisukari.

Kiswahili hakina neno moja linalotosheleza matumizi yote hayo. Mfasiri hana budi kutazama kwanza kilichodhoofika, kisha kiasi kilichobaki.