Maua bila Daftari: Fremu Mbili za Ukutani, South Beach



Watakaojaaliwa kufika kwenye mkutano wetu wataingia, bila shaka, nyumbani kwa shangazi yetu, ghorofani, hatua chache kutoka ufukwe wa South Beach mjini Durban. Sebuleni mwake wataona fremu mbili zenye maua makavu. Ya kwanza ina mawaridi yaliyokuwa mekundu, ambayo sasa yamekuwa na rangi ya kahawa, pamoja na majani mawili ya kangaga. Ya pili ilifika kutoka Unguja, imeviringishwa ndani ya khanga katika sanduku la nguo. Ndani yake mna asumini chache na jani moja la rehani.

Ya kwanza twaijua vyema: ni maua aliyoshika shangazi siku ya harusi yake, mwaka 1997. Ya pili hatujui ni ya nani. Wako wasemao kuwa ni ya bibi yetu mzaa baba. Wengine hushikilia kuwa ni ya mdogo wake. Aliyekuwa akijua kwa hakika alifariki kabla hatujamwuliza. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya fremu hiyo ya pili.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kwetu pwani ua la harusi halikuwa kitu cha kuwekwa. Asumini, rehani, mkadi na waridi vilifungwa pamoja vikawa kikuba, akapachikwa nacho bibi arusi, na asumini nyingine zikanyunyizwa kitandani. Kikuba kilitungwa jioni, kikanukia usiku, na asubuhi kikatupwa. Wazee wetu walihifadhi harufu, wala si ua: waliweka udi, marashi, na nguo zilizofukizwa ambazo hata baada ya miezi zilimrudishia mtu siku ile. Kwa hiyo yule aliyezibana asumini hizi katika karatasi alifanya jambo lisilo la kawaida ya nyumba yake. Alikuwa na sababu, nayo amekwenda nayo.

Kubana maua ili yakauke ni elimu ya kale. Katika karne ya 16 mwalimu wa tiba wa Italia, Luca Ghini, aliwafundisha wanafunzi wake kukausha mimea baina ya karatasi na kuibandika kwenye kurasa, ili waweze kuisoma hata wakati wa baridi, bustani zikiwa hazina kitu. Ulaya nzima ikaiga, kisha makoloni yake. Hapa Durban, John Medley Wood, msimamizi wa Bustani ya Mimea ya mji huu, alianzisha mwaka 1882 hazina ya mimea mikavu ambayo ingali ipo Berea, safari fupi kwa gari kutoka South Beach. Kwetu Afrika Mashariki hazina kama hiyo ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi.

Katika hazina hizo ua lililobanwa zaidi ya miaka 100 iliyopita lingali na faida. Rangi yake huenda imekwisha, lakini pembeni mwa kila ukurasa pana kijikaratasi kilichoandikwa jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Bila maandishi hayo mmea ule ungekuwa jani kavu tu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Fremu ya mwaka 1997 nayo ina habari isiyoonekana kwa macho. Baada ya nikahi maharusi walipigwa picha mchangani South Beach, na maua yale yale mkononi. Vijana wetu waliozaliwa London, Toronto na Muscat huenda wasijue kuwa jambo hilo halikuwezekana miaka michache kabla yake. Kwa sheria ya mwaka 1953 ya kutenga huduma za umma, ufukwe huu uliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Fukwe zilitangazwa kuwa wazi kwa wote mnamo Novemba 1989, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1990.

Wala sisi si wa kwanza kufika hapa kutoka Unguja. Tangu mwaka 1873 watumwa walioachwa huru, wengi wao Wamakua, waliletwa Durban kutoka Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari. Walijenga maisha yao Kings Rest, upande wa Bluff, hata katika miaka ya 1960 wakahamishwa kwa nguvu za sheria ya maeneo ya makabila na kupelekwa Chatsworth. Mwenye kuhamishwa huchukua awezacho kubeba. Ukuta haubebeki, fremu hubebeka.

Kwa wale wenye harusi karibuni, njia ni nyepesi. Maua yachaguliwe mapema, yakiwa hayana umande. Waridi nene lipasuliwe katikati, au petali zibanwe mojamoja. Yalazwe baina ya karatasi zinazofyonza maji, juu yake viwekwe vitabu vizito, na karatasi zibadilishwe kila siku katika siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili hadi nne yatakuwa makavu. Yabandikwe juu ya karatasi isiyo na asidi, kioo kisiyaguse, na nyuma ya fremu pazibwe vizuri, kwani hewa ya bahari ya Durban, kama ya Mombasa na Unguja, ina unyevu mwingi na ukungu haukawii. Fremu isikabili dirisha, maana jua hula rangi. Asumini itageuka hudhurungi hata ikitunzwa vipi; tuikubali hivyo.

Hata hivyo, kazi kubwa ni ya kalamu. Nyuma ya kila fremu na paandikwe majina ya maharusi na ya wazazi wao, mji, tarehe, na mkono uliobana maua.

Na kwa wazee wetu tunalo ombi moja. Shangazi ataiteremsha fremu ya pili na kuiweka mezani siku ya kwanza ya mkutano, na kalamu kando yake. Mwenye kukumbuka lolote, hata kama ni jina la mtaa au rangi ya kanga iliyovaliwa siku ile, na aliseme mbele ya watoto, nasi tutaliandika. Asiyeweza kusafiri na atume barua. Tukichelewa tena, tutabaki na asumini zisizo na mwenyewe.