Futi ya fundi na mtoto wa Goweko

Wiki hii hatuna shela wala hina. Tuna habari ya kichwa cha mtoto, na mabibi harusi wa miezi hii tunawaomba hasa muisome mpaka chini.

Tulikwenda Dar kununua vitambaa Kariakoo, tukapita Muhimbili kumtazama mtoto wa jamaa yetu. Kitanda cha pili alikuwepo mama wa Goweko, Mkristo wa Moravian, na mwanawe wa miezi minne. Maji yalikuwa yamejaa ndani ya ubongo, kichwa kimefika sentimita 49. Mtoto wa umri ule huwa na kama 41. Alikuwa na siku mbili tangu kupasuliwa.

Goweko ni stesheni ya reli mashariki ya Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, enzi za Wajerumani. Kabla yake ilikuwa miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo kwa mali ya matajiri wa Unguja, ikatembea miezi mitatu au zaidi mpaka Unyanyembe, ikarudi na pembe na watumwa pia, hilo tusilifiche. Uislamu uliingia Tabora kwa njia hiyo, na Ukristo ukapita humo humo. Wamisionari wa London Missionary Society waliweka kituo Urambo, kwa Mtemi Mirambo, mwaka 1879. Daktari wao, Southon, alifariki mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya na kukatwa mkono. Mwaka 1898 kituo kikakabidhiwa Wamoravian. Kanisa la yule mama, basi, lilitangulia treni Unyamwezini.

Enzi hizo mtoto mwenye maji kichwani hakuwa na tiba ya kutegemewa, si Urambo, si Unguja, si London. Mwana wa Goweko aliwekewa mrija unaotoka kichwani, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, ukamwaga maji tumboni. Ndani yake mna vali. Mmoja wa waliofanikisha vali hiyo ni John Holter wa Marekani, mwaka 1956. Hakuwa daktari, alikuwa fundi mitambo, na mwanawe mwenyewe alizaliwa na tatizo hili. Sisi mafundi tulifurahi kulijua hilo.

Karibu na kwetu, mwaka 2000 daktari Mkristo, Benjamin Warf, alihamia Mbale, Uganda, pamoja na mkewe na watoto wao sita, kusaidia kuanzisha hospitali ya CURE. Mrija huziba, na mama wa kijijini hawahi kufika. Kwa hiyo akaendeleza njia nyingine: kuingiza kamera ndogo, kuyatobolea maji njia mpya ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu inayoyatengeneza. Akaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa kule waliugua baada ya maambukizi ya uchangani.

Hilo la maambukizi tulimweleza yule mama, akalia. Kijijini waliambiwa kavuka kitu, kachezewa. Wengine kanisani walitaka wafunge na kuomba tu, wasipande treni. Mumewe ndiye aliyesema wataomba ndani ya behewa.

Tulidhani yameisha. Baada ya wiki sita mtoto akapata homa, akatapika, utosi ukavimba, macho yakawa yanaangalia chini tu. Mrija ulikuwa umeingia vijidudu, jambo linalojulikana kutokea, ukatolewa, baadaye ukawekwa mwingine. Alitupigia simu usiku akasema, "Dada zangu, siku ya tatu leo sijaomba. Sina maneno." Mumewe alikuwa akiomba kwa sauti kwa ajili ya wote wawili, yeye amelala kifudifudi. Hatukujua la kumwambia. Tulisali Alfajiri tukamtia mtoto wake katika dua yetu, bila kumwambia mpaka baadaye.

Sasa nyinyi mnaoolewa. Kichwa cha maji mara nyingi hufuatana na mgongo wazi, na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla wengi hatujajua kama tuna mimba. Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya mimba. Ulizieni kliniki mkiwa bado mnachagua rangi za nguo. Na likitokea, tangu 2014 Mnazi Mmoja pana kitengo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa na taasisi ya NED ya Hispania. Msimfiche mtoto chumbani.

Kazi yetu sisi ilikuwa ndogo. Tulimshonea magauni ya kufunguka mbele kwa vishikizo, yasivutwe kichwani. Kofia ya kwanza tuliikosea, mshono ukapita juu ya mrija, tukaifumua. Ya pili ni ya pamba laini, nyuma ya sikio haina mshono kabisa.

Daktari hupima kichwa kwa futi kama yetu. Tukampa yule mama futi ya dukani. Kila Jumapili wakitoka kanisani anampima mtoto, juu ya nyusi mpaka kisogoni, anatutumia namba. Miezi tisa imepita. Ya juzi ilikuwa 49 na nusu, sawasawa na ya mwezi uliopita.