Nokia, Ericsson na funzo la moto wa dakika 10

MACHI 17, 2000, radi ilipiga njia ya umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani. Umeme ulipotetereka, moto ulizuka katika kiwanda cha Philips mjini Albuquerque, kilichokuwa kikitengeneza chipu za simu za mkononi. Moto huo ulizimwa kwa takriban dakika 10, lakini moshi na maji vilichafua vyumba ambavyo hata chembe ya vumbi haikutakiwa kuingia.

Wateja wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden. Wote wawili walipewa taarifa ileile, kwamba mzigo ungechelewa kwa takriban wiki moja.

Nokia haikuridhika. Wataalamu wake walianza kuwasiliana na Philips kila siku na, ilipobainika kuwa ukarabati ungechukua wiki nyingi, viongozi wa kampuni hizo walikutana. Philips ilikubali kutumia viwanda vyake vingine, kikiwamo cha Eindhoven, Uholanzi, kuziba pengo hilo. Wauzaji wengine wa Marekani na Japan, waliokuwa wakifanya biashara na Nokia kwa muda mrefu, nao waliongeza uzalishaji kwa haraka.

Kwa upande wa Ericsson, habari hiyo ilichelewa kuwafikia wakuu wa kampuni. Walipozinduka, hapakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa ilikuwa imepunguza idadi ya wauzaji ili kubana matumizi. Kampuni hiyo ilieleza kuwa ilipoteza mauzo ya takriban dola milioni 400 za Marekani. Mwaka 2001, baada ya kuandamwa na matatizo mengine pia, iliunganisha biashara yake ya simu na ya Sony.

Kisa hicho kinaonyesha kuwa uhusiano wa karibu si kumtegemea muuzaji mmoja. Ni kuwa na mtu wa kumpigia simu upande wa pili, kukubaliana mapema jinsi ya kupashana habari mbaya, na kumweleza muuzaji mahitaji ya miezi ijayo. Muuzaji naye hunufaika anapomwambia mteja ukweli mapema, kwani mteja aliyeshirikishwa husaidia kutafuta ufumbuzi.

Baada ya hasara hiyo, Ericsson ilianzisha utaratibu wa kuwachunguza wauzaji wake na kupima athari za kukosa kila kipuri. Nokia ilikuwa na mazoea ya kuwafuatilia wauzaji wake kwa karibu kabla ya radi kupiga.